Hadithi za Safari na Vitabu vya Picha kwa Watoto Wetu: Maneno Waliyoambiwa Walimu na Wazee



Tumeombwa kusema habari za vitabu vinavyowafaa vijana, nasi tumekubali kwa furaha, ingawa twajua ya kuwa baadhi yenu mlitumaini kusikia habari za mbegu na za mifugo. Habari hizo zina siku yake. Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo watu wengi huliona kuwa la mchezo tu, nalo ni hadithi za safari na hatari, pamoja na vitabu vyenye picha.

Kwanza tueleze shida yenyewe. Mtoto huenda shuleni, akajifunza herufi, akaweza kusoma ukurasa wa kitabu cha darasa bila ya kukwama. Wazee wake hufurahi. Kisha hutoka shuleni, akashika jembe au akaenda kutafuta kazi, wala hashiki kitabu tena. Miaka michache ikipita, mpe barua: ataitazama, atatamka maneno mawili matatu, kisha atasema macho yanamwuma. Wengi wenu mmewaona watu wa namna hii, na pengine wamo nyumbani mwenu. Fedha zimetumika, nguo za shule zimenunuliwa, miaka imekwisha, na barua bado yasomwa na jirani, ambaye sasa ajua siri zote za nyumba.

Sababu yake twaiona hivi. Mtoto huyu alifundishwa kusoma, lakini hakupata hata siku moja kusoma kitu alichotamani kujua mwisho wake. Alisoma habari za ng'ombe mwenye miguu minne, na miguu hiyo alikuwa ameihesabu tangu hajaanza shule. Basi, alisoma kwa kuwa mwalimu alisimama mbele yake. Na mwalimu alipoondoka, kusoma kukaondoka naye.

Hadithi ya safari haimngoji mwalimu. Tulipata kumwona mzee mmoja aliyekuja shuleni na kitabu mkononi, amekasirika sana. Mwanawe alipelekwa malishoni na mbuzi, akaketi chini ya mwembe akisoma, na mbuzi wakaingia katika shamba la jirani wakala mihogo. Mzee akauliza, "Hiki ndicho mnachowafundisha?" Mwalimu hakushindana naye. Alimwomba radhi, kisha akamwambia, "Baba, usiku huu mwambie akusomee mahali alipokuwa amefika mbuzi walipotoroka." Fidia ya mihogo ililipwa, na mtoto alipata adhabu yake, wala hatusemi haikuwa haki. Lakini baada ya siku nne mzee alimtuma mtoto kuuliza kama kitabu kile kina ndugu yake.

Wako wasemao ya kuwa vitabu hivyo ni upuuzi, havimfai mtu mwenye elimu. Tuwakumbushe jambo moja. Bwana Frederick Johnson alikuwa Katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, na ndiye aliyeifanyia kazi kubwa kamusi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1939, baada ya kufa kwake. Mtu huyo, aliyepima maneno kama mfua dhahabu, hakuona aibu kufasiri hadithi za maharamia. Mwaka 1929 vilitoka katika Kiswahili *Kisiwa Chenye Hazina* na *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, na kazi yake imo katika vitabu hivyo vyote viwili. Mwenye nakala ya zamani sandukuni asikubali kurasa zake zifungiwe karanga.

Tukitaje zaidi hicho cha kwanza, maana chanzo chake ni picha. Mwaka 1881 Robert Louis Stevenson alikuwa akikaa katika nyumba moja huko Scotland, na mvua hainyamazi. Mtoto wa mkewe, jina lake Lloyd, alikuwa akipaka rangi ili kupoteza wakati. Stevenson naye akachora ramani ya kisiwa kisichokuwapo duniani, akatia ghuba na vilima, akavipa majina. Alipokuwa akiitazama ramani ile, watu wakaanza kutokea ndani yake. Akaandika sura baada ya sura, akiwasomea watu wa nyumbani, na kitabu kizima kikatoka mwaka 1883. Mwalimu asiye na kitabu hata kimoja aweza kuanza hivyo hivyo. Na achore kisiwa ubaoni, atie mto, pango, na alama moja nyekundu, kisha awaulize watoto ni nani aliyeizika mali pale na kwa nini hakurudi kuichukua.

Ndani ya kitabu hicho pana mahali ambapo kijana Jim Hawkins aingia katika pipa la matofaa lililo juu ya sitaha, akitafuta tunda, akalala kidogo. Mara asikia sauti ya mpishi wa chombo, Silver mwenye mguu mmoja, aliyekuwa akimpenda na kumheshimu. Mpishi yule awaambia wenzake shauri la kuwaua mabwana wa chombo. Kijana yumo ndani ya pipa, na mmoja wao ataka tofaa. Mwalimu, ukifika hapo, funga kitabu. Usieleze neno, usiulize maswali ya sarufi. Kiweke kitabu juu ya meza, ukaende zako kunywa maji. Ukirudi utaona ni nani wanaojua kusoma, na ni nani aliyekuwa akisema hajui.

Hili si jambo geni kwetu. Bibi aliyesema "Paukwa," naye akajibiwa "Pakawa," alijua kuikatiza hadithi ya Sungura na Fisi pale watoto walipokuwa hawataki kulala. Kitabu chataka ustadi ule ule.

Sasa picha. Wazee wengine hufikiri ya kuwa picha ni za wasiojua kusoma, na kwamba mtoto azitazamaye ni mvivu. Sisi hatukubali. Mtoto aliyeshikwa na neno gumu huitazama picha, akalipata neno, akaendelea. Asipokuwa na picha huweka kitabu chini. Tena picha humwonyesha kama yumo au hayumo katika mambo hayo. Mwaka 1940 ilichapwa London hadithi iitwayo *Elisi katika Nchi ya Ajabu*, ambayo kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1865 na picha za John Tenniel. Katika kitabu cha Kiswahili picha ziliigwa zile za Tenniel, ila Elisi mwenyewe alichorwa kuwa msichana wa Kiafrika. Yafaa tuseme hapa, kwa kuwa tumeona wavulana wakipewa vitabu vya safari na wasichana wakipewa vitabu vya mapishi, ya kuwa aliyeshuka katika shimo lile la sungura alikuwa msichana, wala hakumwomba kaka yake amsindikize.

Hata hivyo hatutawaficha kasoro. Katika *Kisiwa Chenye Hazina* wamo walevi na wauaji, na mtoto mdogo sana asipewe peke yake. Na hicho kingine, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, chataka mtu mzima karibu kwa sababu nyingine. Rider Haggard alikiandika mwaka 1885 baada ya kukaa Afrika ya Kusini. Hadithi yake yaenda mbio, na ile safari ya jangwani yatia kiu. Lakini watu wa nchi aliowaandika wafanywa wajinga wa mambo ya mbingu: wageni wawatabiria giza la kupatwa, nao waanguka kwa hofu. Katika chapa ya kwanza mwandishi alisema ni jua lililopatwa, na hali alikuwa amesema ya kuwa mwezi ulikuwa mpevu siku hizo hizo. Hilo haliwezekani kabisa, kwa kuwa jua halipatwi ila siku za mwezi mwandamo. Ilimlazimu kubadili katika chapa za baadaye, ikawa ni mwezi uliopatwa. Basi mwambieni mtoto habari hiyo, mkamwulize ni nani hasa hapo aliyekuwa hajui mambo ya mbingu. Mwambieni pia ya kuwa wakulima wa huku walipanda kwa kutazama nyota za Kilimia, na manahodha wa pwani walisafiri usiku kwa nyota. Kitabu chenye kosa, kikisomwa pamoja na mzee mwenye akili, chaweza kumfundisha kijana kuliko kitabu kisicho na kosa kilichofungiwa kabatini.

Wala tusidhani ya kuwa mambo ya kusisimua yatoka ng'ambo tu. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda katika mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958 kwa hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapwa mwaka 1960. Humo yumo Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, anayetegua mauaji kwa kutazama mambo madogo ambayo wengine wameyapita. Vijana wa madarasa ya juu wakianza naye hawamwachi. Kwa wadogo, kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza Tanzania mwaka 1991, na tangu mwaka 2014 ziko hadithi za picha za African Storybook, nyingine kwa Kiswahili, ambazo mwalimu mwenye mashine ya kuchapa aweza kuzitoa bila ya malipo.

Limebaki neno la ufunguo. Tulifika katika shule moja, hatutaitaja, tukaonyeshwa sanduku zuri la vitabu. Mwalimu mkuu alisema kwa fahari ya kuwa hakuna hata kimoja kilichopotea. Lilipofunguliwa tulikuta mchwa wamekwisha kusoma nusu yake. Twawaomba basi, machifu na walimu, sanduku liwekwe juu ya mawe, mbali na ukuta, na ufunguo ashike mtoto mmoja wa darasa la juu, abadilishwe kila mwezi. Na awe na daftari la kuandika jina la aliyechukua, jina la kitabu, na siku ya kukirudisha. Vitabu viwili vitatu vitapotea kwa mwaka. Hesabuni hasara hiyo tangu mwanzo, kama mnavyohesabu mbegu zinazoliwa na ndege. Anayetaka kutazama vitabu tulivyokuja navyo, viko juu ya meza ile karibu na mlango, na watoto wameruhusiwa kuvishika.