Vijana Wasiitwe kwa Kubeba Viti Tu

(Hotuba ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wanachama, Lubumbashi)

Wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha!

Sisi makarani hatujui kusema kwa nguvu. Kazi yetu ni kalamu na hesabu. Lakini neno hili limetukaa rohoni.

Mwezi wa Desemba 1957 mji huu, ulioitwa Elisabethville, ulichagua washauri wa komini kwa mara ya kwanza. Waliopiga kura ni wanaume tu, wenye miaka 25 na zaidi. Mama hakuhesabiwa, kijana wa miaka 20 hakuhesabiwa, hata kama alikuwa na mke na kazi. Ilikuwa sheria ya wakoloni.

Leo Katiba ya 2006 inampa kura kila raia mwenye miaka 18. Tarehe 20 Desemba 2023 tulichagua washauri wa komini zetu, na kwa sheria hao ndio wanaopaswa kumchagua burugumesta na kupitisha hesabu ya mwaka. Basi, nani anamzuia kijana sasa? Mbelgiji amekwenda zamani. Ni sisi wenyewe! Wakati wa kura tunamwita aimbe, tunamvalisha shati la chama. Kura zikiisha tunamwambia: nyamaza, ungali mtoto. Na Lumumba alipokuwa waziri wa kwanza mwaka 1960 alikuwa na miaka 34.

Sikieni jambo la avenyu yetu. Feza ya kutengeneza bomba la maji ilikusanywa na mzee mmoja, mtu wa heshima, aliyeandika yote katika kichwa chake. Feza ikapunguka, watu wakaanza kumwita mwizi. Binti mmoja wa sekondari akapita nyumba kwa nyumba na daftari. Ikaonekana nyumba tisa hazikulipa hata franka moja, na wenyewe ndio waliopiga kelele kuliko wote! Mzee alilia. Binti yule hakumwondolea heshima, alimrudishia.

Vijana, nanyi mna kosa. Wengine mnakuja mkutanoni kwa bia tu, na siku ya kusoma hesabu hatuwaoni.

Tunaomba hivi: kila kikundi cha chama kichague vijana wawili, mmoja awe msichana, washike daftari na kulisoma mbele ya watu kila mwezi. Na wazee wakubali kuulizwa.

Daftari la bomba liko hapa mezani. Anayetaka kulisoma aje.