Juma Moja la Watoto Wadogo
Maneno yaliyosemwa kwa wazazi na walimu wa watoto, Hima

 

Nawasalimu wapendwa wa Hima, Kasese na Bwera, pamoja na ndugu zetu mliovuka Mpondwe kutoka Kasindi na Beni. 

Nimepewa dakika chache niseme juu ya watoto. Leo niwaache wale wakubwa, tuwaangalie wa miaka mitatu, minne, mitano. Sisi tunasema watoto wa nasari, ninyi wa Kongo mnasema maternele. Nataka tujifunze kitu kwa Wayahudi, namna wanavyomfundisha mtoto wa umri huo kwa juma moja tu.

Wayahudi hawako mbali. Hapa hapa Uganda, upande wa Mbale, kuna Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wana sinagogi kwenye kilima cha Nabugoye, na shule yao ya msingi ya Hadassah inasomesha watoto wa Kiyahudi, wa Kikristo na wa Kiislamu pamoja.

Sasa hebu tuliangalie hilo juma. Kwa Kiebrania, Jumapili inaitwa siku ya kwanza, Jumatatu siku ya pili, hivyo hivyo mpaka Ijumaa, siku ya sita. Siku yenye jina lake ni moja tu, Sabato. Kwa hiyo mtoto wa nasari akijifunza kuhesabu siku, tayari anahesabu kwenda kwa Mungu. Katikati ya juma mwalimu anawasimulia sehemu ya Torati ya juma lile, ile ile itakayosomwa kwenye masinagogi. Kama ni Nuhu, watachora safina. Pia wanaanza herufi zao 22, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Ikikaribia Ijumaa, unga unatoka. Kila mtoto anapewa donge lake, analisuka kama nywele, linakuwa mkate wa Sabato. Mezani inawekwa mikate miwili, ukumbusho wa mana iliyoanguka maradufu siku ya sita, someni Kutoka 16. Kuna na kisanduku cha sadaka kwa ajili ya maskini, na mtoto anatia shilingi yake kwa mkono wake mwenyewe. Halafu darasani wanachaguliwa wawili, mmoja awe baba wa Sabato, mwingine mama. Wanatandika kitambaa, wanaweka mishumaa na maji ya zabibu, wanaimba.

Wapendwa, yale ya darasani ni mazoezi. Somo lenyewe liko nyumbani, jioni ile, kabla jua halijazama. Mama anawasha mishumaa. Mzazi anaweka mikono juu ya kichwa cha mtoto. Wa kiume anaombewa awe kama Efraimu na Manase, Mwanzo 48. Wa kike awe kama Sara, Rebeka, Raheli na Lea. Kisha unafuata baraka wa Haruni, Hesabu 6. Tena ni kila juma, mtoto akiwa amefaulu shule au ameshindwa.

Sisi tunafanyaje? Mtoto anajifunza wimbo kwa Sunday school, anarudi nyumbani, hakuna anayemwuliza amejifunza nini. Tumemwachia mwalimu kazi yote, naye anamwona mtoto saa moja tu kwa juma.

Kumbukeni mwaka 1977. Amin alikuwa amewakataza Abayudaya dini yao, na mwaka ule akapiga marufuku makanisa yetu ya Kipentekoste pia. Wao waliomba kwa siri, na wazee wetu waliomba kwa siri. Mwaka 2020 korona ilifunga makanisa na mpaka, na watoto wa Uganda walirudi shuleni kikamilifu Januari 2022. Na usiku wa 16 Juni 2023, pale Lhubiriha, tulilia watoto wetu. Sisi watu wa mpaka huu tunajua kwamba mlango wowote unaweza kufungwa. Imani iliyo ndani ya nyumba inabaki na mtoto.

Sisemi tuwe Wayahudi. Tumeokolewa kwa damu ya Yesu! Lakini Timotheo alipata imani kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, 2 Timotheo 1:5. Ilianzia nyumbani.

Basi naomba jambo moja. Kila nyumba ya ushirika huu ichague jioni moja kwa juma. Mtoto asimulie somo lake, atie sadaka yake, halafu mzazi amwekee mikono na kumtaja kwa jina. Baba akiwa zamu ya usiku kwenye simiti, afanye asubuhi. Mama akiwa amevuka kwenda sokoni, bibi afanye. Yule yatima anayelala kwako, mwekee mikono vilevile.

Tusimame, kila mzazi amguse mtoto aliye karibu naye, tuombe.

Amina.