Mwacheni Mtoto Alishike Jani

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kufanyia majaribio mazao ya biashara. Haikuwa ya kutazama tu.

Juzi nililiona humo darasa limepangwa mstari, likinakili vibao vya miti. Mtoto mmoja aliinama kuokota jani. "Usiguse!" mwalimu akamkemea.

Walimu wangu, jani lililoanguka halina hasara. Mwacheni alivunje, alinuse, apapase mishipa yake: ya unyasi imelala sambamba, ya jani la mwembe imefumana kama wavu. Hilo hatalikariri, atalijua.

Miji yetu inameza miti. Atakayeitetea kesho ni yule aliyeishika leo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.