Tuwasomeshe Vijana Kuutunza Mji Wetu

Maelezo ya afisa wa utamaduni wa kaunti kwa wazazi, mafundi na vijana waliohitimu vyuo, mjini Lamu



Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita ukuta wa nyumba ya marehemu bibi ulianza kumwaga chokaa. Nikanunua saruji, ukapigwa plasta, ukapendeza. Baada ya masika machache plasta ile ilibanduka, ikaondoka na vipande vya mawe na baadhi ya vidaka alivyokuwa bibi akipangia sahani zake. Nilikuwa na digrii, lakini haikuwa ya kazi ile.

Leo sababu naijua. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Huvuta unyevu, kisha huutoa nje polepole. Saruji huziba njia hiyo. Maji na chumvi hubaki ndani, jiwe hulika na vichwa vya boriti huoza ukutani. Boriti ikikatika, dari hushuka na waliomo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu, ukiuziba kwa saruji, utaujenga vilevile.

Jambo hili ni la roho za watu. Huko Unguja, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba jengo la kale linahitaji mjuzi. Na Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, watu wanaishi na kulala humo.

Ujuzi huo husomewa. Kijana mwenye digrii ya usanifu majengo, akiolojia, uhandisi au kemia anaweza kuendelea na masomo ya uzamili katika uhifadhi wa urithi. Hufundishwa kupima na kuchora jengo kabla ya kuligusa, kutafuta chanzo cha unyevu badala ya kufunika doa, kuchunguza chokaa ya zamani, na kuandika kila alichofanya ili ajaye baadaye ajue. Shirika la ICCROM lililoko Roma, lililoanzishwa na UNESCO mwaka 1956, hutoa mafunzo ya aina hii kwa wataalamu wa nchi mbalimbali.

Lakini shahada peke yake haitoshi. Tunao wazee wanaojua kwa mkono kwamba chokaa imeiva. Hawakuandika popote, na kila mwaka tunawazika. Msomi anajua kwa nini, fundi anajua vipi. Wakikosa kukutana, nyumba ndiyo itakayoumia.

Katiba, kwenye Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa vyuo vikuu na majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Kaunti imepewa vyuo vya ufundi vya vijijini, shughuli za utamaduni na makumbusho. Maana yake, msomi na fundi wako chini ya ofisi mbili tofauti. Kuwakutanisha ni kazi yetu sote.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wazazi, mtoto akichagua somo hili msimwambie, "Kuta za zamani utakula nini?" Sitawadanganya kwamba kazi za ofisini zinamsubiri, ni chache. Ila nyumba za kurekebishwa ziko kila mtaa.

Vijana, kabla ya kuomba nafasi ya uzamili, shindeni na fundi mzee angalau msimu mmoja. Bebeni karai, chujeni chokaa, ulizeni, andikeni. Hapo mtajua kama kazi mnaipenda.

Wenye nyumba, kabla ya kununua mfuko wa saruji, pitieni ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapa mjini mpate ushauri. Mimi sikupita, na vile vidaka vya bibi havitarudi.

Sasa karibuni kwa maswali, na mafundi wawe wa kwanza.