Waifai Inapokatika: Je, Laptopu ni Mbovu?

 Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, nanyi wasimamizi wao, natumaini mmekwisha kaa, redio imewekwa mahali inaposikika na wote, na kila mtu ana kalamu yake. Juma lililopita tulijifunza kuwasha laptopu, yaani kompyuta mpakato, na kuandika barua kwayo. Darasa moja limeniletea swali. Wanasema: "Mwalimu, tumenunua laptopu mpya, lakini waifai hukatika mara kwa mara. Je, tumeuziwa kitu kibovu?" Somo la leo ni jibu la swali hilo.

Kwanza msimamizi aandike ubaoni maneno matatu: laptopu, ruta, intaneti. Ayaandike katika mstari mmoja, na kati ya neno na neno achore mshale.

Ruta ni kile kisanduku kidogo chenye vitaa vinavyomulika. Kazi yake ni kupokea intaneti kutoka nje, ama kwa waya ama kutoka mnara wa simu, na kuigawa nyumbani kwa mawimbi ya redio. Ndiyo, mawimbi ya redio, ni ndugu wa haya yanayoleta sauti yangu hapo mlipo, ila safari yao ni fupi. Mawimbi hayo ya nyumbani ndiyo yaitwayo waifai.

Basi tazameni ubao. Mshale wa kwanza, kutoka laptopu mpaka ruta, ni waifai. Mshale wa pili, kutoka ruta kwenda duniani, si waifai. Watu wengi huichanganya mishale hii miwili, na hapo ndipo wanapopoteza fedha. Nitatoa mfano. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora sana katika Tanzania na nchi jirani. Siku ile waifai nyumbani haikuwa na neno. Alama yake juu ya kioo cha laptopu ilikuwa imejaa kama kawaida, lakini kurasa hazikufunguka. Aliyeipeleka laptopu yake kwa fundi siku ile alimpelekea kitu kizima.

Sasa sikilizeni habari ya kikundi kimoja cha akina mama cha kuweka na kukopa. Wako 22. Kila mmoja alitoa shilingi 40,000, zikawa shilingi 880,000, wakamtuma katibu wao mjini akanunue laptopu mpya. Walitaka kutunza hesabu zao, tena walitaka kuomba mkopo, na maombi yenyewe hujazwa kwa njia ya intaneti. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa Ijumaa. Mimi niliitwa Jumatano.

Nilimkuta katibu amekaa peke yake ofisini. Ofisi ni chumba kimoja cha kupanga, na ruta ni ya mwenye nyumba, iko dukani kwake upande wa pili wa ukuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimekwisha aibika. Kila nikianza kutuma vitabu vya hesabu, waifai hukatika, naanza upya. Nimeirudisha laptopu dukani, muuzaji ameiwasha mbele yangu saa nzima, haikukatika hata mara moja. Fundi wa hapa naye asema ndani kuna kifaa kibovu, ataka shilingi 60,000 akibadilishe. Na mwenyekiti anasema mbele ya watu kwamba nilipewa chai na muuzaji ili ninunue kitu hafifu."

Mwaona jambo lilivyokuwa. Muuzaji alikuwa amesema kweli, na katibu alikuwa amesema kweli. Walakini maneno yao hayakupatana, na katika kikundi mambo yasipopatana hutafutwa mwizi.

Nikamwuliza, "Mama, hukatika saa zote?"

Akafikiri. "La. Siku nyingine nasoma tu habari asubuhi, hata saa mbili zapita haikatiki. Nikianza kazi ndipo inapokatika."

Jibu hilo lilikuwa na dawa yote ndani yake, lakini mimi sikulishika wakati ule. Nilifanya kama nilivyozoea. Nilianza na simu yake. Nikaiunganisha na waifai ile ile, pale pale mezani, nikafungua kurasa. Zikafunguka vizuri.

Hapa simameni kidogo, maana pana mtego. Simu ina njia mbili za kufika kwenye intaneti: waifai, na data ya laini yako, ile ya bando. Waifai ikilegea, simu nyingi huhama kimya kimya na kutumia data, nawe utasema, "Waifai ni nzima, mbona simu yafanya kazi?" Kwa hiyo kabla ya kupima, zima data. Nilipoizima, simu iliendelea vizuri kwa dakika 20. Nikajua kwamba mshale wa pili ni mzima, na ruta ni nzima.

Kisha tukaibeba laptopu mpaka dukani kwa mwenye nyumba, tukaiweka karibu na ruta. Ilifanya kazi nusu saa bila kukatika. Mwenyekiti, ambaye alikuwa amefika wakati huo, akasema, "Basi ni umbali." Nami nilitaka kukubali, maana umbali ni sababu ya mara nyingi, na ruta yenyewe ilikuwa imefichwa nyuma ya jokofu. Mawimbi haya hayapendi chuma, wala hayapendi maji. Jokofu, kabati la chuma, tangi la maji, ukuta wa zege wenye nondo ndani, hata kundi la watu waliojaa chumbani, vyote huyapunguza. Lakini simu nayo ilikuwa mbali vile vile, juu ya meza ile ile, na haikukatika. Kama umbali ungekuwa sababu peke yake, simu pia ingepata taabu.

Tukarudi ofisini. Nikamwambia katibu, "Mama, fanya kazi yako kama siku zote, usiache hata jambo dogo. Mimi nitatazama tu."

Akakaa. Akavaa miwani. Akafungua mkoba wake, akatoa diski ya kuhifadhia kumbukumbu, ile wanayoiunganisha kwa waya mfupi, akaichomeka katika tundu la USB ubavuni mwa laptopu. Vitabu vya hesabu vya miaka yote vilikuwa ndani ya diski hiyo, vimepigwa picha. Akaanza kutuma. Haukupita muda, alama ya waifai ikapungua, ikapungua tena, ikakatika.

Nikachomoa diski. Alama ikarudi. Nikaichomeka, ikakatika. Tulifanya hivyo mara tatu, maana jambo likitokea mara moja laweza kuwa bahati tu. Kumbe muuzaji aliijaribu laptopu bila diski! Na asubuhi zile za kusoma habari, diski ilikuwa mkobani.

Sababu yake ni hii. Waifai ya ruta ile husafiri kwa mawimbi ya 2.4 gigahezi. Vifaa vya USB vya aina iitwayo 3.0, vile vya kasi ambavyo matundu yake mara nyingi yana rangi ya buluu ndani, vikifanya kazi huvujisha kelele ya redio katika eneo lilo hilo. Si siri; kampuni ya Intel ilitoa maandishi juu ya jambo hili mwaka 2012. Kelele hiyo haifiki mbali, lakini diski ikikaa kando ya laptopu iko karibu sana na antena yake. Ni kama ninyi mnisikilize mimi huku mashine ya kusaga inanguruma mlangoni. Sauti yangu haikupungua, ila hamnisikii. Pale dukani karibu na ruta, sauti ya ruta ilikuwa kubwa. Kule ofisini ilikuwa ndogo, imepita jokofu na ukuta, ikamezwa.

Dawa haikugharimu kitu. Katibu aliyahamisha yale mafaili kutoka diski mpaka ndani ya laptopu, akachomoa diski akairudisha mkobani, ndipo akatuma. Mwenye nyumba akaitoa ruta nyuma ya jokofu akaiweka juu ya rafu. Mwenyekiti hakusema neno. Alitoka, akarudi na soda tatu, akaifungua ya katibu kwanza. Maombi yao yalipokelewa Alhamisi usiku. Mkopo wenyewe bado wanaungoja.

Sasa ninyi huenda hamna diski ya namna hiyo. Basi nitawatajia sababu nyingine, lakini upesi, maana saa yetu inakwisha.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili, ya 2.4 na ya 5 gigahezi. Haya ya 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini yana msongamano: ruta za majirani, vifaa vya Bluetooth na hata jiko la maikrowevu hutumia eneo hilo. Yale ya 5 yana kasi na nafasi zaidi, lakini hayafiki mbali. Ukiona majina mawili yanayofanana katika orodha ya waifai, na moja lina 5G mwishoni, hilo ndilo la 5 gigahezi. Wala si ile 5G ya minara ya simu. Jina limefanana tu. Ukiwa karibu na ruta, chagua la 5. Ukiwa chumba cha mbali, chagua jingine.

Sababu ya pili ni laptopu yenyewe kubana chaji. Laptopu mpya huwa imeruhusiwa kuizima redio yake ya waifai ili betri idumu, na mara nyingine huizima wakati usiofaa. Kama laptopu yenu inatumia Windows, bonyezeni alama ya Windows kwa upande wa kulia wa kipanya, mtaona orodha. Humo mna maneno mawili ya Kiingereza. Yaandikeni kama yalivyo, maana ndivyo yatakavyotokea: Device Manager. Fungueni hapo, tafuteni vifaa vya mtandao, fungueni kile cha waifai, kisha tafuteni ukurasa ulioandikwa Power Management. Ondoeni alama ya vema katika kisanduku cha juu. Katika laptopu nyingine ukurasa huo haupo kabisa, msipouona msihangaike.

Sababu ya tatu haihusu waifai hata kidogo, ni bando. Laptopu mpya ikiunganishwa mara ya kwanza hupakua masahihisho yake ya programu, na hayo ni mazito. Mkiwa mnatumia hotspoti ya simu, bando la wiki laweza kumalizika kabla chai haijapoa. Katika mipangilio ya waifai ile mnayotumia, iambieni laptopu kwamba mtandao huu una kipimo, nayo itaahirisha sehemu kubwa ya mizigo hiyo. Walakini msiyaache masahihisho hayo moja kwa moja, maana mara nyingine ndani yake mna programu mpya ya kuendesha redio ya waifai, nayo huponya ukatikaji. Tafuteni siku yakamilike mahali penye intaneti isiyo na kipimo.

Na tazameni saa na tarehe ya laptopu. Ikiwa tarehe si sahihi, waifai itaunganika vizuri lakini kurasa nyingi zitakataa kufunguka, kwa kuwa laptopu itadhani vyeti vya usalama vya kurasa hizo vimepitwa na wakati au bado havijaanza. Nimewahi kuona mtu akibadilisha ruta nzima kwa sababu ya tarehe.

Zoezi la juma hili. Msimamizi atafute simu mbili na laptopu moja, aziunganishe zote na waifai moja, simu zizimwe data. Zikae juu ya meza moja nusu saa. Kila kifaa kikikatika, mwanafunzi mmoja aandike saa na dakika. Kisha hamisheni meza karibu na ruta, mpime tena nusu saa. Mkishindwa kusomana mwandiko, rudieni kwa herufi kubwa. Kama simu zimekatika pamoja na laptopu, wekeni kidole juu ya ruta au mshale wa pili. Kama ni laptopu peke yake, andikeni pia vitu vyote vilivyochomekwa ndani yake wakati ule, hata kama ni kipanya tu.

Juma lijalo tutajifunza namna ya kutunga neno la siri na mahali pa kulihifadhi. Kwa herini.