Maumivu ya Viungo Baada ya Homa, na Wajibu Wetu kwa Mgonjwa

Hotuba iliyosomwa na karani wa chama katika mkutano mkuu wa mwaka



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya jambo lililozusha maneno mara nyingi mikutanoni mwetu. Wako wanachama walioshikwa na homa ya chikungunya, homa ikaondoka, na hata hivyo wakakaa miezi bila kuweza kurudi katika kazi zao kwa sababu ya maumivu ya viungo na misuli. Imesemwa ya kwamba hao ni wavivu wanaokula fedha za mfuko wa wagonjwa. Yafaa neno hilo lipimwe kabla ya kukubaliwa.

Ugonjwa huu ulijulikana kwa matabibu baada ya kuzuka mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania Bara. Jina lake latokana na neno la Kimakonde lenye maana ya kupindika, kwa kuwa mgonjwa hutembea amejikunja. Mwaka 1959 ukazuka kaskazini mwa Uganda ugonjwa wa jamaa moja na huo. Waacholi waliuita o'nyong'nyong, yaani kuvunja viungo, nao ukaenea mpaka Kenya, ukawapata watu wapatao milioni 2 katika Afrika ya Mashariki. Angalieni, ndugu zangu: Wamakonde na Waacholi hukaa mbali sana, wala lugha zao si za ukoo mmoja, lakini wote waliupa ugonjwa wao jina kwa mateso ya maungo. Wazee hao walijua lililo zito.

Hapa kwetu Kenya, mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu, na wachunguzi walikadiria ya kuwa robo tatu ya watu wa mji ule waliambukizwa. Baadaye ilifika Mombasa, na mwaka 2016 Mandera.

Homa yenyewe hukaa siku chache, pengine juma moja. Lakini kinga ya mwili, iliyoamshwa na virusi, yaweza kuendelea kuwaka ndani ya viungo hata baada ya homa kuisha. Vifundo vya mikono, vidole, magoti na vifundo vya miguu huvimba na kukakamaa, hasa asubuhi. Wengi hupona kwa majuma machache. Wengine huumwa miezi, na wachache hata miaka, zaidi wazee na wale waliokuwa na maradhi ya viungo tangu zamani. Mtu wa namna hiyo humwona barabarani amevaa vizuri, naye anakuamkia kwa uchangamfu. Wala huoni ya kwamba alfajiri alishindwa kufunga vifungo vya shati. Fundi cherehani asiyeweza kushika sindano, na mchukuzi asiyeweza kuinama, wataitwaje wavivu?

Kwa mgonjwa mwenyewe nasema hivi. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivi. Apumzike, anywe maji mengi, na kwa maumivu atumie paracetamol kwa kipimo alichoandikiwa. Asimeze aspirini mpaka daktari ahakikishe kuwa si homa ya dengi, kwa maana aspirini yaweza kuzidisha kutoka damu. Homa ikipungua, avinyooshe viungo pole pole kila siku, kwani kulala tu huzidi kuvikakamaza. Uvimbe usipoondoka, arudi hospitali, wala asinunue sindano za mitaani.

Kwa jamaa zake: mbu aletaye ugonjwa huu huuma mchana, naye huzaa katika maji safi yaliyotulia. Ule mwaka wa Lamu ulikuwa mwaka wa ukame, na watu walikuwa wameweka akiba ya maji majumbani. Basi mapipa na mitungi ifunikwe, isuguliwe kila juma, na makopo na magurudumu ya zamani yaondolewe uani. Mgonjwa mwenye homa alale ndani ya chandalua hata mchana, mbu wasimwambukize jirani kwa damu yake.

Kwa kamati naomba mambo matatu. Kwanza, msaada usikatwe siku homa inapoisha, bali ufuate barua ya daktari. Pili, wanachama wawili wamtembelee mgonjwa kila mwezi, wakaone hali yake kwa macho yao badala ya kusikia habari zake sokoni. Tatu, chama kimwandikie tajiri wake kwa adabu, kumwombea kazi nyepesi kwa muda, kwa kuwa mtu aliyefukuzwa kazi hugharimu mfuko wetu zaidi ya yule aliyevumiliwa.

Chama hiki kilianzishwa ili mtu asianguke peke yake. Atakayepindika leo huenda ndiye aliyetoa ada jana, na kesho atatoa tena. Tumsaidie kunyooka.