Mrina Asali na Mtunzi wa Hadithi



Hadithi nyingi za wanafunzi nilizozisoma hapa Chamwino zinatokea Dar es Salaam, kwa watu ambao mtunzi hajapata kuwaona. Mtazameni marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa, jirani yetu. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo; mwaka 1961 kikatoka Kisa cha Mrina Asali. Aliwachunguza watu wake kwanza, hadithi ikafuata.

Basi, kijana, mwendee mzee mrina asali. Muulize hupanda mbuyu saa ngapi, hufukiza nini, huogopa nini akiwa juu. Andika ukurasa mmoja, umsomee. Akitikisa kichwa, futa. Andika tena, umsomee tena. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Lakini fanyeni haraka. Wazee hawa wanatutoka mmoja mmoja, na kila azikwaye huzikwa na maneno ya kazi yake. Maneno hayo mengine hamtayakuta katika kamusi yoyote.